Kofia Juu ya Swichi

Miwani ililetwa chuoni asubuhi ya Jumatatu, ndani ya masanduku meusi ambayo wanafunzi waliyabeba kama trei za mayai. Sikuipenda tangu siku hiyo, na sisemi hivyo leo ili nionekane nilikuwa na akili. Nilisema palepale, mbele ya mkurugenzi na mbele ya darasa langu zima la umeme na mitambo. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi maishani, lakini safari hii kilichoniponza ni kuufunga.

Mkurugenzi alikuwa kijana msomi wa Chuo Kikuu cha Mzumbe, na chuo kilikuwa mali yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliniita mzee wangu, na shikamoo yake haikukosa hata siku aliyokuwa amenuna. "Mzee wangu," aliniambia, "mashine zetu za kujifunzia zimekufa na vipuri havipatikani. Hii miwani inatuletea mashine mpya kila asubuhi. Haiungui, haichakai, na mtoto wa mtu haumii." Mtaalamu aliyekuja nayo kutoka Dar akanivisha, akakaza mkanda nyuma ya kichwa changu.

Nikaiona karakana yetu vilevile ilivyo: ukuta wenye ukungu, dirisha linaloangalia mlimani, mikono yangu mwenyewe. Ila miwani ilikuwa imenichorea mstari mwembamba wa buluu kuzunguka kila kidole, kunijulisha kwamba imenitambua. Kisha nikainua macho. Katikati ya sakafu, mahali palipokaa patupu miaka mingi, palikuwa na mashine kubwa ya kijani, mikanda inakwenda mbio, na mlio wake ukiwa umenijaa masikioni.

Nilirudi nyuma nikagonga meza. "Mwalimu kaona jini!" mmoja akapiga kelele, na wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka, maana ungefanyaje? Lakini jasho lilikuwa limenitoka mgongoni. Mahali palepale, juu ya boliti zilezile zilizobaki zimekatwa kwenye saruji, zamani palisimama mashine ya kweli. Hiyo mashine niliifahamu kuliko nilivyomfahamu mke wangu.

Jengo la chuo lilikuwa kiwanda cha kamba za mkonge. Niliajiriwa humo nikiwa sijaota ndevu vizuri, enzi hizo kiwanda ni cha umma, na somo la kwanza nililopewa halikuwa la spana wala waya. Lilikuwa la kofia. Kila fundi alipewa kofia ya kaki iliyoshonewa namba yake. Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine yoyote, ulikwenda ukutani kwenye meni swichi, ukauvuta mkono wake wa chuma chini, ukatundika kofia yako juu yake. Halafu ulipaza sauti: "Kofia iko juu?" Mwenzako alitakiwa kugeuka, aione kwa macho yake, ndipo ajibu: "Iko juu." Kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mkono ule, hata awe meneja mkuu, mpaka mwenye kofia aje aitoe mwenyewe. Aliyesahau alirudishwa nyumbani siku hiyo, na wenzake walimtania wiki nzima wakimwuliza ameuficha wapi mkono wake wa akiba.

Kisha zikaja siku za soko huria na kuuzwa kwa viwanda. Kila mtu alikuwa na habari yake: tutaajiriwa upya, tutafukuzwa, tutapewa hisa, tutapewa barua. Kilichokuja kwanza ni amri ya kukabidhi mali ya kiwanda. Spana, viatu vya mpira, makoti. Na kofia. Ijumaa jioni tulipanga foleni tukazirudisha, na aliyezipokea alizirusha kwenye gunia bila hata kuziangalia namba.

Jumatatu wanunuzi wakaja, wakataka kuona kila mashine ikizunguka. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta. Nikaambiwa, "Washa hiyo." Niliangalia mkono wa swichi. Uko chini, kama ilivyokuwa mingine yote asubuhi ile, na hauna kitu juu yake. Nikawasha.

Rafiki yangu, tuliyeajiriwa naye siku moja, alikuwa ameingia kwenye mashine mpaka begani, anatoa nyuzi zilizonasa. Swichi alikuwa ameizima mwenyewe, ila hakuwa na kitu cha kutundika. Mimi ndiye niliyewasha. Nalisema jambo hili bila kuzungusha, maana miaka mingi nimekuwa nikilisema kwa kulizungusha. Alirudi kwao Kisaki bila mkono wa kulia. Treni ya kwenda huko ipo hadi leo, na mimi sijaipanda.

Baadaye mashine zilikatwa kwa gesi, zikapakiwa kwenye malori, zikauzwa chuma chakavu. Jengo likabaki la popo. Mkurugenzi alipolinunua na kufungua chuo, aliniajiri mimi kwa kuwa nilikuwa fundi wa zamani na tena nilikuwa jirani. Hata kabla ya kuandika mpango wa masomo nilikwenda kwa fundi cherehani pale sokoni, nikamshonesha kofia za kaki za darasa zima. Wanafunzi waliniona mzee wa visa. "Mwalimu, kofia yako imechoka kuliko wewe," waliniambia, na ni kweli, yangu ilikuwa imefifia mpaka haina rangi. Lakini walizitundika. Kwangu mimi, asiyetundika alikwenda nyumbani.

Aliyeipenda kofia kuliko wote alikuwa binti mmoja kutoka mlimani, upande wa Mgeta. Aliletwa na mjomba wake, mzee mwembamba mwenye koti la suti juu ya shati la shambani, na kikapu cha njegere cha kunishika mkono. Kwa Waluguru mali ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Ukoo wao ulikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Ikiharibika, fundi wa mjini alipanda mlima siku aliyojisikia, na siku hizo zote wanawake walibeba mahindi kichwani wakashuka nayo mpaka kijiji kingine. Wakakaa kikao, wakakubaliana wamsomeshe mmoja wao. Wakamchagua huyu.

"Mwalimu," mjomba aliniambia, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, "sisi tunakukabidhi mikono yetu. Turudishie ikiwa imejua kazi."

Nilimjibu kwa mkato, kama kawaida yangu, "Nitamfundisha." Neno lake lilinikaa moyoni vibaya na sikujua kwa nini. Labda nilijua.

Binti alikuwa na mikono ya kazi. Alikaza nati kwa kusikiliza, si kwa nguvu. Kofia aliivaa mpaka kanisani, mama yake akamgombeza. Na alipouliza "Kofia iko juu?" aliivuta ile sauti ya mwisho kwa lafudhi ya mlimani, mpaka wenzake wa mjini wakawa wanamwigiza. Hakujali. Aliuliza tena mpaka ajibiwe.

Sasa, mashine ya miwani haikuzimwa ukutani. Uliinua mkono wa kulia mbele yako, ukafinya hewa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Mashine ilisimama, na neno SALAMA likatokea kwa kijani kibichi mbele ya macho yako. Pembeni saa ilikuhesabia sekunde. Aliyefinya upesi, akaingiza mkono upesi, akatoa kipuri upesi, ndiye aliyepata alama. Vijana walichanganyikiwa kwa furaha. Hawakuwahi kuona mashine mpya katika maisha yao, na hii ilikuwa inang'aa.

Nikawaambia: finyeni mnavyotaka, lakini kwanza nendeni ukutani mkatundike kofia. Hapo ndipo tulipogombana. Mtaalamu alikuwa ameweka mpaka wa mashine yake sakafuni, mstari ambao huuoni mpaka uvae miwani. Ukiuvuka, mashine inapotea na zoezi linahesabiwa umeshindwa. Meni swichi ilikuwa nje ya mstari.

"Programu haina kofia, mzee," mtaalamu alinieleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa.

"Basi programu yako haijui kazi," nikamwambia.

Niligoma karibu mwezi. Wanafunzi wangu walivuka mstari, wakatundika, wakashindwa, na alama zao zikawa aibu tupu. Ndipo mkurugenzi akaniita ofisini, akafunga mlango. Wakaguzi walikuwa wanakuja. Mtihani wa mwisho ungefanywa kwa miwani, na asiyeufaulu hatapata cheti. "Na wa kwanza kufeli atakuwa yule binti wako wa mlimani," alisema, "kwa sababu yeye ndiye anayekusikiliza. Utamwambia nini mjomba wake?"

Akanimaliza. Nilitoka pale nimeishiwa maneno, mimi ambaye mke wangu husema nitaongea hata kaburini. Niliingia karakana nikachukua boksi tupu la taa za tyubu, nikapita meza kwa meza nikikusanya kofia. Binti aliishika yake kidogo kabla hajaiachia.

"Mwalimu, na kofia?"

"Acha kofia."

"Niache kabisa?"

"Nimesema acha! Hamsikii?"

Akaitia kwenye boksi. Nililisukuma chini ya meza yangu kwa mguu. Gunia la ile Ijumaa lilinijia machoni, nikalifukuza, nikawaambia wavae miwani.

Tangu hapo alama zikapanda, na mimi nikaanza kuona mambo. Mwanafunzi mmoja alikuwa bombani anakinga maji, ndoo ikajaa, akafinya hewa. Maji yakamwagika miguuni mwake. Wote wakacheka mpaka wakaketi chini. Mwingine alifinya hewa mbele ya redio ya mama ntilie. Ikawa mchezo wao; walifinyiana hewa usoni kumnyamazisha anayeropoka, na mimi mwenyewe nilifinyiwa nikiwa nimegeuka kwenye ubao. Nilisikia kicheko nikajua.

Siku moja binti alikuwa kwenye mashine ya kutobolea, ya kweli, kikongwe pekee tuliyebaki naye. Alimaliza kutoboa. Akainua mkono, akafinya hewa, uso umetulia kabisa, akaupeleka mkono uleule kuchukua chuma wakati keekee bado inazunguka.

Niliupiga mkono ule kofi hata sijui nilifikaje pale.

"Aa, mwalimu! Nimejisahau," akasema, akacheka, na darasa likacheka naye. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkurugenzi nikamweleza. "Atazoea, mzee wangu," alinijibu, macho kwenye simu. Nilirudi, nikalivuta lile boksi toka chini ya meza, nikalifungua. Kofia zilikuwa zimeanza kunuka unyevu. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi. Nikalifunga tena.

Ningeweza kusema nililazimishwa. Hapana. Hakuna aliyenishika mkono siku ile.

Wakaguzi walikuja kuona mazoezi kabla ya mtihani, wakatazama kwenye skrini kubwa ya ukutani kila alichokiona mwanafunzi kwenye miwani yake. Binti aliwashinda wote. Akafinya, SALAMA, mkono ndani, kipuri nje. Walimpigia makofi, na mkurugenzi akanikumbatia mbele ya watu. Nilitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Wiki iliyofuata mjomba akapiga simu: mashine yao ya kusaga inazunguka lakini haisagi, mahindi yanatoka mazima. Chuo kikaona ndiyo nafasi nzuri ya mazoezi ya vitendo, nami nikaambiwa nimsindikize. Tulipanda na lori lililokuwa limeshusha kabichi na karoti mjini na linarudi tupu. Baada ya Mzumbe barabara ikaanza kupinda, na kila kona ilitupandisha kwenye ukungu mzito zaidi. Binti alikuwa na furaha, ananionyesha mashamba ya ukoo, hili la bibi, lile la mama mkubwa. Mimi nilikuwa nimeshika ubao wa lori, nimejikunyata. Nilisema ni baridi.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kibanda cha mashine kilikuwa ukingoni mwa kilima, na nje yake wanawake wa ukoo walikaa na ndoo zao za mahindi, wakamshangilia alipokuja: fundi wetu huyo! Tuliingia. Mota imelala, mkanda umelegea kwenye puli. Kazi ndogo. Niliangalia ukutani: meni swichi ya zamani, ya mkono wa chuma, na mkono uko juu. Mwendesha mashine alikuwa ameuacha vile umeme ulipokatika, kama wanavyofanya kila mahali, ili ukirudi mashine ianze yenyewe.

Nikafungua mdomo. Ndipo mjomba akanishika kiwiko. Wazee wa ukoo walikuwa wananingoja nyumba ya pili, na mgeni hawezi kuanza kazi hajawasalimu. Nilimwambia binti, "Ningoje. Nikirudi ndio tunaanza." Neno la swichi sikulisema. Nilidhani dakika tano hazina kitu, na kwamba ni aibu kumweka mzee amesimama mlangoni huku namfokea mtoto wao mbele ya ndugu zake waliomshangilia. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine.

Salamu za mlimani hazina haraka. Nilitoa shikamoo kwa bibi mmoja ambaye hata mimi na mvi zangu nilikuwa mtoto kwake. Habari za mjini, habari za safari, habari za mvua, habari za nyumbani nilikotoka. Nikaletewa chai ya tangawizi. Nilikuwa nimeinua kikombe wakati redio ya jirani ilipoanza katikati ya wimbo, kwa nguvu. Watoto wakapiga kelele huko chini, nyumba hadi nyumba, zikapanda kilima: "Umerudi! Umerudi!" Na chini ya kelele zote hizo nikasikia mota ikinguruma.

Nilikimbia. Uzee wangu wote nilikimbia nao. Nilipofika mlangoni wanawake walikuwa wamesimama, hakuna aliyelia bado, na mkanda ulikuwa unapiga puli kwa mlio usio wake. Niliuvuta mkono wa swichi chini kwa uzito wa mwili mzima. Mashine ikachukua muda wake kusimama. Hizi huwa hazisimami mara moja.

Mama yake mdogo alinisimulia baadaye, njiani kuelekea hospitali, kitenge chake kikiwa kimezungushiwa mkono wa binti. Wanawake walimwambia aanze tu, mwalimu wako anakunywa chai. Naye hakusita. "Alisimama mbele ya mashine, akafanya hivi," akanionyesha vidole viwili vikikutana hewani, "akatabasamu, ndipo akaingiza mkono. Mimi nikadhani ni namna yenu ya kuomba."

Kidole cha shahada hakikuweza kuokolewa. Cha gumba kilibaki kipande kisichofika popote. Cha kati kilipona lakini hakikunjiki. Mjomba alikaa nami kwenye benchi la hospitali tangu tulipofika mpaka tulipoambiwa habari hiyo. Hakunitukana. Ningeshukuru kama angenitukana. Alikuwa akitazama mikono yangu, iliyokuwa magotini, na mimi sikujua niiweke wapi.

Binti alirudi chuoni vidonda vilipofunga. Sikumtegemea. Alisimama mlangoni mwa karakana, amekonda, mkono ameufunika kwa mtandio.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Niliinuka kitini. "Nisamehe. Mimi ndiye niliyekuambia uache."

"Ndiyo," akasema. "Ulisema." Nilivuta boksi, nikatafuta kofia yake, nikampa. Akaitazama pande zote, akaitia mfukoni mwa ovaroli. Akaniambia amekuja kufanya mtihani. Ukoo umemsomesha, hawezi kurudi mlimani hana vidole na hana cheti. Mkono wa kushoto ni mzima, na wa kulia una vidole viwili vya kushikia. Kazi anaiweza. Nikampa nati na spana nimwone. Kweli, aliiweza.

Mtihani ulifanywa asubuhi ya jua kali. Skrini ukutani, mkurugenzi na wageni wake kwenye viti, yule mtaalamu wa Dar na kompyuta yake. Zoezi liliandikwa hivi: mkono wa kushoto unashika spana kwenye nati na hauiachii, mkono wa kulia unazima mashine, kisha unaingia kutoa kipuri. Nilimfuata mtaalamu mapema nikamwomba abadilishe, auruhusu mkono wa kushoto uzime. "Siwezi kugusa, mzee. Hiyo imefungwa huko ilikotengenezwa." Nilimwendea mkurugenzi. Akasema ngoja tuone, huenda ikamtambua.

Zamu yake ikafika. Akavaa miwani. Kwenye skrini mashine ya kijani ikatokea juu ya boliti zilizokatwa, mikanda inakwenda mbio. Mkono wa kushoto ukainuka, na mstari wa buluu ukauzunguka kila kidole. Akashika nati. Akainua mkono wa kulia.

Hapakuwa na mstari. Miwani iliuona ukuta, ikaliona dirisha, ikauona mlima nje ya dirisha. Ule mkono haikuuona kuwa ni mkono. Akafinya hewa kwa alichobaki nacho. Mashine ikaendelea. Akafinya tena. Akasogeza mkono karibu, akaugeuza, akafinya. Sekunde zilikuwa zinakimbia pembeni mwa skrini, nyekundu sasa. Nilimwona akifinya polepole, kwa adabu, kama anayebisha hodi nyumba ambayo anajua wenyewe wamo ndani.

Kisha akateremsha mikono. Akageuka, miwani ikiwa bado usoni, akatembea. Akauvuka mstari, na skrini ikaandika AMESHINDWA. Hakusimama. Alifika ukutani, akaushika mkono wa meni swichi kwa vidole vyake viwili na kiganja, akauvuta chini. Feni zikafa. Skrini ikazimika. Akatoa kofia mfukoni, akaitundika.

"Kofia iko juu?" akauliza, sauti ya mwisho ameivuta kwa lafudhi ya mlimani.

Hakuna aliyemwigiza. Wenzake waliinamisha vichwa. Mkurugenzi alikuwa amesimama, wageni wanamtazama. "Mzee wangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "washa umeme, tafadhali. Tuna wanafunzi wengine wanasubiri."

Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, mahali palepale nilipokuwa nimesimama ile Jumatatu ya wanunuzi. Niliangalia swichi kwa macho yangu.

"Iko juu," nikajibu.

Binti alitikisa kichwa kuniitikia. Akavua miwani, akaiweka mezani mbele yangu, akatoka. Kofia aliiacha pale. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe mpaka getini. Mkurugenzi alikuwa ananiita, mara ya pili, mara ya tatu. Swichi sikuigusa.

Miwani haitumii umeme wa ukutani. Ina betri yake. Niliiona inawaka pale mezani, nikaiinua, nikachungulia. Zoezi lilikuwa limeanza upya lenyewe, na mashine ilikuwa bado inazunguka. Mistari ya buluu ikanizunguka vidole mara moja, vyote kumi. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Niliinua mkono wa kulia, ule niliowashia ile mashine zamani, nikafinya hewa.

Ikasimama papo hapo. Likatokea neno la kijani, SALAMA.